Mkesha Aliyechinjwa Jomvu

Ukitaka kujua kama mtu atafaa kuchuna ndege, mpe sindano kwanza, kisu baadaye. Kisu kila mtu anakijua, hata mwizi anacho. Lakini sindano haifichi kitu. Utamwona mtu kaishika kama ameshika nyundo, jasho linamtoka, ulimi nje. Huyo mwambie kwa heshima zake zote: mwanangu, kajaribu bandarini, huko wanataka watu wenye nguvu.

Nawaambieni nyinyi vijana mnaoanza kazi ya makumbusho. Nimesikia mwalimu wenu amewaambia kwamba Jomvu Kuu kuna bibi mmoja aliyeshona ndege tangu zama za wakoloni, na kwamba ana maneno mengi. Yote mawili ni kweli. Basi kaeni mnisikilize, na mwenye haraka aende zake, kazi hii haikuumbiwa watu wa haraka.

Nilianza vita vikuu vya pili vikiwa vimekwisha juzijuzi, sukari bado ya taabu na nguo bado za taabu. Nilikuwa nimeolewa nikaachika, tena nikashukuru, nikarudi kwa mama yangu. Mama alikuwa fundi wa kofia, zile za kushona kwa mkono zenye vijitundu vidogo vidogo. Watu walivuka kutoka kisiwani kuja kwake kuagiza kofia ya bwana harusi. Na mimi nilishona, lakini mkono wangu mbele ya wake ulikuwa mkono wa mwanafunzi, na yeye hakuona haya kuniambia hivyo mbele ya wageni. Kofia zikiisha nilikwenda nazo Changamwe kwa miguu, nikawauzia watu wa reli.

Nyuma ya stesheni alikaa mzungu mmoja mzee aliyestaafu kazi hiyo hiyo ya reli. Watu walimwita Bwana Ndege, na mimi sina jina jengine la kumwita. Siku nilipompelekea kofia hakuivaa. Aliigeuza ndani nje, akavaa miwani, akazitazama nyuzi moja moja.

"Nani ameshona?"

"Mimi na mama yangu, Bwana."

"Unaweza kushona kitu laini kuliko kitambaa hiki?"

Nikamwambia, "Bwana, kilicho laini kuliko hicho ni hewa."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniita ndani, mlango wazi na mpishi wake akitazama, akavuta droo ya kabati. Mimi nilidhani nitaona vikombe. Wallahi nikaona ndege, wamelala chali kwa safu, mikono kifuani, yaani mbawa, na miguu imefungwa pamoja kwa uzi. Wengine weusi, wengine vifua vyekundu, wengine madoa matupu. Nikasema, "Audhubillahi!" Kisha nikasogea karibu zaidi.

Hao wote walikuwa mikesha. Mkesha mnamjua, ni yule ndege mkubwa kidogo kuliko shore, apendaye kutembea chini akipindua majani makavu kama bibi anayetafuta pete iliyomdondoka. Kabla ya alfajiri yeye ndiye wa mwanzo kuimba. Mimi nilidhani ni ndege wetu wa vichakani tu, basi. Kumbe ana jamaa dunia nzima! Bwana Ndege alibadilishana na wenzake wa nchi za mbali, yeye akiwapelekea wa huku, wao wakimletea wa kwao kwa meli, ndani ya visanduku vya bati. Alikuwa na mkesha wa Ulaya, mweusi tititi, mdomo manjano. Wa Marekani, kifua rangi ya tofali. Wa milima ya Bara Hindi, wa Japani, wa Siberia kwenye barafu, mweusi mweusi na nyusi nyeupe kama za mzee wa baraza. Wa majabali, mwenye kichwa cha samawati, huyo huja kwetu na kaskazi akiikimbia baridi ya Ulaya. Wa milima yetu ya bara, tumbo la rangi ya chungwa. Hata kwenye visiwa vidogo vilivyopotea katikati ya bahari, ambako mti wenyewe ni wa kutafuta, mkesha yuko. Nyuzilandi hakuwako, wakampeleka wazungu wenyewe melini, kwa kuwa waliamka asubuhi wakakosa sauti aliyowazoesha kwao. Mpaka leo nikikumbuka hilo huwaonea huruma.

"Na utajuaje kama ni ndugu?" nilimuuliza. "Huyu mweusi, huyu mwekundu."

Akanionyesha mambo mawili. La kwanza mguu. Mguu wa kuku mbele una magamba yaliyopangana kama vigae, lakini wa mkesha ni laini, kama aliyevaa soksi. La pili watoto. Mkesha mkubwa huvaa apendalo, lakini kinda lake, awe wa Ulaya awe wa Afrika, kifua chake kina madoa. Hapo nikacheka. Nikasema kumbe ni kama sisi, watu wazima kila mmoja na ujuba wake, lakini ukitaka kujua ukoo watazame watoto.

Siku hizo kurumbiza, yule mwimbaji wa vichakani, naye alihesabiwa humo humo. Juzi mjukuu wangu aliye chuoni ananiambia wasomi wamemtoa, wamepima damu wakaona ni wa ukoo wa ndege wadakao nzi angani. Haya, kheri. Mimi nimemshona kurumbiza miaka na miaka akiwa mkesha, na hakulalamika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Ngala, Mrabai, Mkristo, mtu mrefu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyetega na yeye ndiye aliyechuna. Alinifundisha kupasua kuanzia ncha ya kidari kushuka chini, ngozi tu, bila kugusa tumbo. Sukuma goti litoke, kata, kisha mguu wa pili. Mkia ukate kwa ndani. Halafu ngozi unaivua kumwelekea kichwa, taratibu, unamvua shati mtoto aliyelala. Kila hatua nyunyiza unga wa mbao unywe damu. Wengine walitumia unga wa mahindi, lakini siku zile, njaa ilivyokuwa, ungemwaga unga wa mahindi juu ya ndege watu wangekupeleka kwa kadhi.

Ndege wangu wa kwanza nilimjaza pamba mpaka akawa na kitambi. Bwana Ndege akamgeuza huku na huku. "Huyu alikufa harusini?" akauliza. Fundi Ngala hakucheka, ila mabega yalimtetemeka. Wa pili nikamjaza sufi, kwa kuwa pamba ilikuwa adimu na misufi imejaa Jomvu. Sufi, wanangu, ni ya mito. Ndani ya ndege huteleza, ukigeuka shingo imeingia kifuani. Na miguu uifunge mapema. Samaki mkunje angali mbichi, na ndege vilevile, akishakauka na mguu juu, mguu huo utabaki juu mpaka kiyama. Meza nayo tuliisimamisha kwenye makopo ya maji na mafuta ya taa, kila mguu kopo lake, la sivyo sisimizi wangetubakishia mifupa.

Mimi niliipenda kazi hiyo. Sina neno jengine. Nilikuwa nikitembea njia ya Magongo asubuhi, mashamba pande zote mbili wakati ule, na moyo unaniambia leo utashona nani, wa nchi gani? Nilikuwa sijafika hata Malindi. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimegusa ndege wa Siberia.

Taabu ilikuwa mama. Mama alichukia kazi ile kwa moyo wake wote, na hakuwa mtu wa kuchukia kimyakimya. Sumu tuliyopaka ngozini, ile sabuni ya kuzuia wadudu, haikumtisha, wala maneno ya majirani, ingawa Bi Rukia wa jirani alikuwa ameshaniita "mke wa mizoga". Kilichomkera ni namna tulivyowaua. Ndege aliyenaswa hai hubanwa kifua kwa vidole viwili, pumzi humkatika mara moja, bila tone la damu kuchafua manyoya. Mama aliposikia hivyo alishika kichwa.

"Mnawanyonga!"

"Hawaliwi, mama. Ni wa kutazamwa."

"Aliwe asiliwe! Kiumbe hakuchinjwa, hakutajiwa Mola wake, kimekuwa nyamafu, nawe wakishika kutwa kucha. Kisha uje ushike ungo wangu?"

Nilioga kisimani kila nikirudi, nikasugua mikono kwa ndimu na majivu, nikabadili kanga. Hakuridhika. Siku moja akaniketisha. "Mwanangu, mimi sikufungi kamba," akasema. "Fanya mpaka kusi liishe. Likiisha nitakwambia. Nikiridhia, nimeridhia. Nisiporidhia utarudi kwenye kofia, na sitaki maneno."

Nikasema, "Abee, mama."

Nyinyi wa leo mtasema, kwani alikuwa nani akukataze, mtu mzima? Alikuwa mama yangu. Kufanya kazi bila radhi yake nisingeweza, na kuiacha nisingeweza vilevile, na kusi lilikuwa linakwenda ukingoni. Nilikuwa nikiamka nasikia upepo nje, nashukuru bado unavuma.

Sasa kuna mkesha mmoja ambaye Bwana Ndege alimtaka kuliko wote. Ni wa kwetu, mwenye kifua cheupe na madoa meusi yanayoanzia kooni kama wino uliorushwa, na mistari miwili myeupe bawani. Vichaka vya pwani humpata kusi likianza, na likiisha hamwoni tena. Bwana Ndege alikuwa nao wa sura hiyo waliotoka mbali kusini, walikozaliwa. Aliuliza kila siku, wetu ndio hao hao, wanaikimbia baridi ya kwao wanakuja kustarehe Mombasa? Au ni wengine? Alitaka mmoja wa huku amlaze kando yao, alinganishe koo na kifua. Tena alitaka kwanza amwone hai, kwa sababu rangi ya jicho na mguu hupotea mara ndege akifa, na kwenye ngozi kavu hutaiona tena.

Fundi Ngala alimtega msimu mzima. Ulimbo hakuutumia, maana huharibu manyoya. Alisimamisha tenga kwa kijiti, chini yake akarundika majani yaliyooza yenye wadudu, yeye akakaa mbali ameshika uzi. Alinifundisha kutomtafuta mkesha kwa macho. "Sikiliza," alisema. "Majani yakisema kwaru, kimya, kwaru, huyo ni yeye. Yakisema kwarukwarukwaru ni kuku wa watu."

Akampata Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, kwenye kichaka nyuma ya mashamba ya Jomvu, si mbali na kwetu. Alikuja mlangoni amekumbatia tenga kama amebeba mtoto mchanga, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake yote.

"Bwana hayuko, amevuka kwenda kung'olewa jino," akanambia. "Na mimi nangojwa Rabai, kuna msiba. Mtunze mpaka kesho asubuhi. Mweke gizani, usimsumbue."

Nikamweka jikoni, tenga limefunikwa kanga, nikamwomba mama asiliguse, akajibu, "Niliguse mimi? Na mizoga yenu?" Nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Nilikwenda naimba, kusema kweli.

Niliporudi moshi ulikuwa unatoka jikoni. Mama amechutama mbele ya jiko, kanga imefungwa kiunoni, sufuria ya maji inachemka. Kisu kimeoshwa kimelazwa juu ya jani la mgomba. Na juu ya jani, kichwa upande wa kibla, amelala mkesha wa Bwana Ndege.

Mama akainua uso unang'aa furaha. "Ndoo, mwanangu, ndoo! Nimekuwahia! Nilimsikia humo ndani yuwahema, nikafunua, kichwa kimeinama, mato yafumba. Nikasema huyu yuwafa, ataja kuwa nyamafu mikononi mwa mwanangu. Nikamkimbilia kisu. Bismillahi, Allahu Akbar, nishakutindia. Huyu sasa halali, mshike utakavyo!"

Kutinda, kwa wale wa bara, ndiko kuchinja, mato ni macho, na ndoo ya mama ni njoo. Ndoo yangu ya maji ilinitoka mkononi, maji yakamwagika mpaka jikoni.

"Sasa watia maji hapa kwani?" akasema. "Maji ya kumnyonyolea nishayachemsha." Akamshika miguu kumtumbukiza.

"Mama, usimnyonyoe!"

Nadhani hata kule kivukoni walinisikia. Mama akaganda, ndege ananing'inia juu ya mvuke. Nikampokonya, nikaketi chini kwenye maji yale yale, nikamtazama. Mkato ulikuwa safi, wa mtu ajuaye kuchinja, umepita kooni pale pale madoa yanapoanzia. Kifua chote kimeloa damu. Nikaanza kulia. Kisha nikakumbuka uso wake wa furaha na lile neno "nimekuwahia", nikaanza kucheka, nikawa nacheka na kulia pamoja. Mama akadhani nimepagawa, akaanza kunisomea.

Nilipotulia nikamweleza. Nilimwambia koo ndilo lililokuwa linatakiwa, na nikamwambia kwa nini. Sikumlaumu, ningemlaumu vipi? Tangu nianze kazi ile, hii ndiyo mara ya kwanza aliyoshika ndege wangu, na amemshika kwa kuniokoa.

Aliipua sufuria ya maji. Kisha akasema, "Nipa nione."

Akamgeuza, akapuliza manyoya ya koo, akatazama mkato. Ule ulikuwa uso wake wa kazini, ninaujua, uso wa kumpokea mteja aliyeleta kofia iliyochanika, anayetaka mchaniko usionekane. "Damu huoshwaje?" akauliza. Nikamwambia, kwa maji baridi, kidogokidogo, kisha unga wa mbao. "Basi ioshe. Na hiyo ngozi huvuliwa? Haya ivue, nikuone."

Mkobani nilikuwa na vyombo vyangu. Tukatandika mkeka uani, jua la alasiri bado liko juu. Nikamchuna yule ndege mbele ya mama. Ngozi ilipogeuka ndani nje mpaka kichwani, mkato ukaonekana kwa nyuma, mstari mwembamba tu katika ngozi nyembamba. Mama akasogea.

"Wewe ungeushona kwa wapi?"

"Kwa nje, mama, baada ya kuugeuza."

"Ndiyo maana kofia zako zina makovu. Shona kwa ndani! Nje waachie watu."

Akanitoa sindano mkononi. Akachomoa uzi wa hariri kapuni mwake, akaupasua ukawa nusu, akaupasua tena, mpaka mimi sikuuona. Kisha akashona. Sijapata kuona mkono kama ule kabla wala baada. Hakuvuta hata mara moja. Alikuwa akiingiza sindano ukingoni mwa ngozi, mahali ambapo hakuna unyoya, anaungojea uzi uingie wenyewe. Tulipoigeuza ngozi na manyoya yakalala mahali pake, nikatafuta mkato kwa vidole. Nikaupata kwa vidole, kwa macho sikuupata. Mama akapuliza madoa ya koo akayapanga kwa ncha ya sindano, doa na doa mwenzake, akinong'ona kama anambembeleza.

Ndege yule alikuwa dume, nilimtazama tumboni nilipomaliza kumchuna, maana kibandiko cha kila ndege huandikwa dume au jike. Sabuni ya sumu sikuitoa mpaka mwili umeshaondoka mkekani, maana mama alikuwa na shauri lake juu ya mwili. Aliukaanga kwa chumvi na ndimu. Nyama yenyewe ya kushika kwa vidole viwili, tukagawana. Kati ya mikesha wote wa kabati zile, wa Ulaya na Marekani na Japani, nadhani huyu ndiye pekee aliyeliwa kwa Bismillahi.

Asubuhi nikajifunga buibui niende. Mama naye amejifunga lake. "Niliyemchinja ni mimi," akasema. "Sitamtuma mtoto kwenda kusema."

Bwana Ndege shavu lilikuwa limevimba kwa jino lake. Fundi Ngala hakuwako. Mama alisalimu, akakataa kiti, akasema yote amesimama: alivyomsikia akihema, alivyomwonea huruma, alivyomchinja. Bwana Ndege akamchukua ndege akampeleka dirishani. Alikaa huko muda mrefu, anapuliza, anatazama kwa kioo cha kukuzia. Nilikuwa nimeuma pindo la buibui langu.

"Umekata wapi?" akauliza.

"Kooni. Mtu huchinja wapi?"

"Sioni."

"Ukiona sikushona," mama akasema.

Yule mzee akacheka, akashika shavu kwa maumivu, akacheka tena. Lakini kisha akashusha pumzi. "Nimekosa jicho na miguu. Nilitaka rangi zake akiwa hai."

Mama akafungua pindo la kanga yake chini ya buibui. Nilidhani anatoa tambuu. Akatoa vipande vya nyuzi, akavilaza mezani kimoja kimoja. "Jicho lake hili," uzi wa hudhurungi nzito, kama kahawa. "Mguu huu," uzi mweupe ulioingia uwaridi, wala si mweupe wala si uwaridi. "Mdomo juu mweusi, ila chini, hapa penye mzizi, huu." Alikuwa amemtazama ndege yule akiwa hai, jicho limefumbuka, kwa muda wa kusema Bismillahi, lakini yeye alichagua rangi maisha yake yote, na asubuhi ile, kabla sijaamka, alikuwa ameshapekua kapu lake lote. Bwana Ndege akazifunga nyuzi zile mguuni mwa ndege pamoja na kibandiko chake. Alifurahi kama mtoto wa Idi.

Kisha akavuta droo ya wale wa kusini, akamlaza wetu kando yao. Tukainama watatu. Madoa yale yale, mistari ile ile. Wa kwao wakubwa kidogo, mtu asiyejua asingeona. "Ndugu," akasema Bwana Ndege polepole. "Naamini ni ndugu. Wanakuja kwetu na kusi."

Mama akataka kuwaona na wengine, akazunguka kabati zima. Huyu mweusi mama yake nani? Huyu wa barafuni hula nini? Alipoonyeshwa kinda la mweusi wa Ulaya na madoa kifuani, alipiga makofi. "Hata huku! Ukoo haufichiki, jamani!" Nilimwona anagusa mguu wa mkesha wa Marekani kwa ncha ya kidole kimoja. Njiani kurudi nilingoja aseme neno. Alisema bei ya nazi imepanda.

Siku zikapita, kusi likalegea, na mama hajasema. Mimi sikuthubutu kuuliza.

Ndipo zikaja posa. Kulikuwa na kijana wa Jomvu, mtu wa makini, akaleta shangazi zake wawili. Mimi nikajifungia chumbani, sikio mlangoni, ndiyo ada. Kahawa ikanywewa, haluwa ikasifiwa, watu wakaulizana hali mpaka hali zikaisha. Kisha shangazi mkubwa akakohoa.

"Sisi mtoto tumempenda. Ila tuna neno dogo. Ile kazi yake ya kushika mizoga kwa mzungu, ataiacha. Kwetu haifai."

Nilisema moyoni, leo ndiyo leo, mama amepata mlango wake, mume na kofia vyote kwa mara moja.

"Si mizoga," mama akasema.

"Ni nini basi?"

"Mikesha. Ukoo mmoja huo, dunia nzima, wa huku na wa Ulaya na wa barafuni. Mwanangu ndiye awawekaye pamoja. Kazi yake ni safi kuliko kofia zangu, na mkono wake unakaribia wangu, wala sijapata kumwambia. Amtakaye amchukue na sindano yake. Asiyemtaka, kahawa iko, mlango uko wazi."

Wakaondoka. Walirudi baadaye bila sharti, kwa sababu kijana mwenyewe aliwaambia kwamba fundi ndiye anayemtaka, na nikazaa naye watoto sita. Lakini mchana ule mimi sikulijua hilo. Nilijua wameondoka. Mama akaingia chumbani akanikuta sakafuni, kanga imeloa machozi.

"Walia nini? Mume?"

"Hapana, mama."

"Basi nyamaza, kesho una kazi." Akaweka mkono wake utosini mwangu, mkono mkavu wenye sugu za sindano, akauacha hapo. "Radhi zangu unazo. Duniani na akhera."